Porsche 911 Carrera S ya 2006 au Nissan GT-R ya 2009? Nipo Arusha, naomba ushauri wa kweli

Binti_wa_Mtoni

Habari za jioni wakuu. Nimesoma humu miaka mingi kimya kimya, leo ni zamu yangu kuuliza, na naomba mnijibu kama mnavyomjibu dada yenu wa tumbo moja.

Nina miaka 49, naishi Njiro. Nimekuwa dereva wa watalii miaka 18, kwanza kwenye magari ya watu, baadaye kwenye ya kwangu. Nimelala chali chini ya Land Cruiser kule Ndutu nikibadilisha jani la springi lililokatika, wageni wako juu wanampiga picha duma. Nimekesha njia ya Naabi kwa sababu ya tope. Silalamiki, kazi hiyo imesomesha watoto watatu. Lakini kila gari nililoshika lilikuwa na namba nyeupe. Lilikuwa la mgeni, la kampuni, la benki. Mwaka huu mtoto wa mwisho kamaliza chuo, mkopo umekwisha mwezi wa nne, na nimeamua kununua gari moja lenye namba ya njano, la milango miwili, la kuendesha kwa sababu napenda kuendesha.

Bajeti yangu ni milioni 280, kila kitu ndani yake, mpaka gari liwe getini kwangu. Ninayoyatazama yapo Japani, yote mawili usukani kulia.

La kwanza ni 911 Carrera S ya 2006, ile aina ya 997. Injini lita 3.8, silinda sita zilizolala, hakuna turbo, nguvu ya farasi 355, gia za mkono. Kilomita 61,000, karatasi ya mnada inasema daraja la 4. La pili ni GT-R ya 2009, nalo ni lita 3.8, V6 yenye turbo mbili, farasi 480 na ushei, inavuta matairi yote manne, gia inabadilisha yenyewe au unabofya vidole kwenye usukani. Kilomita 54,000, daraja la 4 pia. GT-R ni ghali zaidi, ila kwa hesabu zangu bado inaingia ndani ya bajeti kwa kubanana.

GT-R nimepanda kama abiria tu, Dar, barabara ya Bagamoyo alfajiri. Jamaa alipokanyaga, kichwa kiligonga kiti na sikuweza kumalizia sentensi niliyokuwa naisema. Ni kitu kikubwa sana kile, na siwezi kudai hakikunigusa.

911 niliendesha mwenyewe, mwaka juzi, Nairobi. Mwenyewe alinipa ufunguo akaniambia zunguka. Ufunguo unaingia upande wa mlango. Mbele yako kuna saa tano zimepandana kama sahani kwenye kabati, na ile kubwa ya katikati ni ya mizunguko ya injini, ya spidi imesukumwa pembeni. Nikakaa pale sijawasha nikaitazama saa ile. Aliyeipanga vile alikuwa anajua dereva anatafuta nini kwanza. Kisha nikawasha, na sauti ikatokea nyuma ya mgongo wangu. Sikuvuka kilomita 70 kwa saa, foleni ilikuwa ya Ijumaa, lakini usukani ulikuwa unanieleza kila kiraka cha lami. Landi Kruza haikuelezi kitu, inakubeba tu.

Safari yangu kubwa itakuwa Jumapili mbili kwa mwezi, Njiro hadi Marangu kumwona mama. Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe, Moshi, Himo, juu. Lami yote, isipokuwa mita kama 300 za mwisho ambazo ni changarawe. Na getini kwangu pana kiinuko ambacho kinakatika ghafla na kushuka kwenye sementi.

Naomba kujua gari gani kati ya haya litaishi hapa kwetu. Sio lipi linawahi Ulaya. Nani atalishika likiumwa, na ushuru utanifikisha wapi. Nawasilisha.

---

Kijana_wa_Sakina

Shikamoo mama. Kwanza hongera sana, umenipa moyo.

Mimi nasema GT-R, na sababu yangu ya kwanza watu wengi hawaifikirii: hewa. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, na kadri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi. Hesabu ya haraka ni kwamba inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo zile farasi 355 za Porsche zilipimwa kule chini. Ukiziwasha Njiro zinabaki 305 hivi. Turbo za GT-R zinaisukuma hewa kwa nguvu, zinafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ukipanda Marangu tofauti utaiona kwa macho.

Pili, masika. Kuvuta matairi manne kwenye zile mita 300 za mama si jambo dogo.

Tatu, heshima. Hii ndiyo Nissan iliyowakosesha Porsche usingizi. Aprili 2008 Nissan walitangaza GT-R imezunguka Nürburgring, ule mzunguko wa Ujerumani wa kilomita karibu 21, kwa dakika 7 na sekunde 29. Porsche hawakuamini, wakanunua GT-R yao wenyewe wakaipima, wakapata dakika 7 na sekunde 54, wakasema haiwezekani. Ukiona mwenye jina kubwa anatoka mfukoni kununua gari la mshindani ili abishane, ujue limemuuma. Na kila injini ya gari lile inaunganishwa kwa mkono na fundi mmoja mwanzo hadi mwisho, kule Yokohama.

Mwisho, ni Nissan mama. Spea za Nissan hazijawahi kukosekana mjini hapa.

---

Fundi_Spana17

Dada, salaam. Nipo Arusha, nashika zaidi za Kijerumani, na GT-R nimewahi kuishika moja tu. Nitakuambia nilichoona kwa mikono yangu.

Mdogo wangu wa Sakina kwenye hewa amesema kweli tupu, sina la kupunguza. Kwenye spea amekosea. Spea za Patrol na X-Trail zipo kila duka, ila hakuna hata moja itakayoingia kwenye GT-R zaidi ya vitu vidogo vidogo. Gia boksi yake iko nyuma, imeungana na difu, ni ya klachi mbili, inataka oili yake maalumu kama lita 10, na oili hiyo huipati hapa, unaagiza. Matairi ni ya inchi 20, yale magumu yanayotembea hata yakiisha upepo, kwa sababu gari halina spea tairi. Likichanika pembeni Kikatiti, hayupo mtu wa kukuuzia saizi ile kati ya Himo na Ngaramtoni. Hiyo moja niliyoishika ilisimama kwangu wiki sita ikisubiri tairi mbili za nyuma.

Sasa usidhani naipigia debe Porsche. Ile ya 2006 uliyoiweka hapo ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Injini ya 3.8 ya miaka ile ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: kuta za silinda zinachubuka. Pistoni inakwaruza ukuta mpaka inaacha mistari, oili inapanda, inaungua. Mara nyingi huanzia silinda ya sita. Dalili zake ni mlio wa tik-tik injini ikishapata moto, na bomba moja la moshi kuwa jeusi kuliko mwenzake. Karatasi ya mnada haikuonyeshi hilo. Daraja la 4 ni la bodi, viti na rangi. Kuta za silinda zinaonekana kwa kamera ndogo tu, unatoa plagi unachungulia, na kwenye mnada hakuna atakayekutolea plagi.

Kuna na beringi ya shafti ya kati, ambayo Porsche za kabla ya hapo ilizivunja injini nyingi. Kwenye 2006 waliweka kubwa zaidi, inavumilia, ila ukitaka kuibadilisha lazima injini ipasuliwe yote. Ukuta wa silinda ukishachubuka, gharama yake inaweza kukununulia Noah mbili.

Jambo la pili ni tumbo. Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye GT-R ni mita 2.78. Kwenye 911 ni mita 2.35. GT-R tumbo liko kama sentimita 11 kutoka chini. Carrera S inakuja na shokapu za umeme zinazoishusha sentimita 1, kwa hiyo ihesabie 10. Chukua ubao wa mita 2.78, kila mwisho gongomea mguu wa sentimita 11. Chukua mwingine wa mita 2.35, miguu ya 10. Miguu ndiyo mahali tairi linapogusa ardhi, ubao ndio tumbo. Upitishe getini kwako na kwenye matuta yako yote. Ubao ukigusa, gari limegusa. Mteja wangu mmoja angefanya hivyo angeokoa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.

---

Wakala_Kurasini

Dada yangu, mimi kazi yangu ni kutoa magari bandarini, nitakupa hesabu tu.

Sahau bei uliyonunulia mnadani. TRA wana thamani yao kwenye mfumo na wanatumia hiyo. Ingia kwenye kikokotoo chao cha magari yaliyotumika, weka aina, mwaka na ukubwa wa injini kabla hujatuma hata senti.

Chukulia thamani yao pamoja na usafiri na bima ni shilingi 100. Ushuru wa forodha asilimia 25, umefika 125. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi lita 2 ni asilimia 10 ya hiyo 125, yaani 12.50. Gari limevuka miaka 10, kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30 ya hiyo 125, yaani 37.50. Jumla 175. VAT asilimia 18 juu ya 175 ni 31.50. Ukijumlisha kodi peke yake ni 106.50 kwa gari la 100, na bado tozo ndogo ndogo, bandari, wakala na usajili. Kwa maneno mengine unanunua gari mara mbili na zaidi kidogo.

Magari yako yote mawili yamevuka miaka 10, kwa hiyo hakuna lenye nafuu ya umri. Ila nakutahadharisha: GT-R kwa bajeti ya 280 itakuacha bila shilingi ya matairi. Na gari hizi hazinunuliwi kwa pesa ya mwisho.

Kitu kingine, ukitafuta Porsche Japani hakikisha picha ya usukani. Wajapani wengi wenye pesa walipenda gari la Ulaya lenye usukani kushoto, kwa hiyo zimejaa, na bei yake itakuvutia.

---

Mzee_wa_Kahawa

Binti yangu, salamu kutoka Moshi. Nimelisoma swali lako mara mbili na nikamsomea mke wangu.

Nina 911 ya 2009, Carrera ya kawaida, mwaka wa sita sasa. Niliinunua kwa mgeni aliyekuwa anaondoka. Kabla ya hapo sikuwa mtu wa Porsche kabisa, nilikuwa mtu wa Datsun, jina la zamani la magari ya Nissan. Marehemu baba alikuwa shabiki wa mashindano ya magari ya Safari Rally, na nyumbani kwetu Datsun 240Z ilitajwa kama mtu wa ukoo. Ilishinda 1971, ikashinda tena 1973, na mwaka 1979 hadi 1982 Shekhar Mehta akaishinda mara nne mfululizo na Datsun nyingine, ile Violet. Porsche walikuja na 911 na pesa zao wakaambulia nafasi ya pili mwaka 1974, na ya pili tena 1978. Hawakuwahi kuishinda Safari ya wakati ule. Kwa hiyo kijana wa Sakina asidhani wazee hatujui Nissan ni nani. Moyo wangu ulikuwa huko.

Lakini nisikilize. Usiangalie S ya 2006. Mwaka wa 2009 Porsche walibadilisha injini nzima ya gari hili. Ile beringi anayoisema fundi haimo tena, na ule ugonjwa wa kuta ni nadra kuliko kwenye zile za zamani. Carrera ya kawaida ya mwaka huo ni lita 3.6, farasi 345, yaani kumi tu pungufu ya S unayoitaka. Inakuja na rimu za inchi 18 badala ya 19, na ubavu wa tairi ni mnene zaidi. Kwa mashimo ya Maji ya Chai, ubavu wa tairi ndio bima yako. Na haina zile shokapu zinazoishusha isipokuwa mtu awe aliziagiza. Watu wanaikimbilia S kwa sababu ya herufi. Kwa barabara zetu, iliyo bora ni hii isiyo na herufi.

Sasa nikwambie kitu ambacho hakuna kitabu kitakuambia. Gari hili injini iko nyuma lakini redieta ziko mbele, pembeni kushoto na kulia, nyuma ya yale matundu ya bampa. Mbele ya redieta kuna kondensa za AC. Yale matundu yanavuta kila kitu. Mwaka wangu wa pili AC ilianza kufa. Nikapeleka gereji moja mjini, wakajaza gesi, nikalipa. Baada ya miezi miwili ikafa tena, wakajaza tena, nikalipa tena. Halafu siku moja natoka Arusha, mshale wa joto ukaanza kupanda pale daraja la Kikavu. Nikasimama, nikazima, nikakaa kando ya barabara saa nzima nimeshika kofia. Nilipofika nyumbani nikafungua bampa mwenyewe, na mjukuu ananimulikia.

Mle ndani kulikuwa na maua ya mjakaranda. Si machache. Yameshindiliwa kati ya kondensa na redieta, yameoza, yameshika vumbi la masika mbili, yamekuwa kama ulezi uliolowekwa. Nikayachota kwa kijiko cha chai. Upande wa kushoto peke yake nilijaza bakuli la ugali. Chini ya lile tope kondensa ilikuwa imeliwa mpaka unaweza kuitoboa kwa ukucha, gesi ilikuwa inatokea hapo siku zote. Waliokuwa wanajaza hawakuwahi kufungua hata skrubu moja. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, sio pesa, ni kwamba gari lilikuwa linasema na hakuna aliyeinama kulisikiliza.

Sasa hivi kila Desemba, maua yakishamaliza kuanguka, nafungua bampa nasafisha. Kazi ya asubuhi moja. Nimeweka na wavu mwembamba kwenye yale matundu. Tangu hapo mshale haujatikisika, hata Januari jua la Boma Ng'ombe.

Kuhusu hewa, ni kweli inapungua nguvu. Moshi mjini tuko chini kidogo kwa hiyo mimi nina nafuu kuliko wewe. Lakini fikiria njia yako yenyewe. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 na kidogo, kijiji baada ya kijiji, hamsini kwa saa, tochi kila kona. Utaitumia wapi farasi 480? GT-R inaanza kuzungumza ukishafika spidi ambayo hapa ni faini. Hii ya kwangu inazungumza ukiwa 60, unashuka gia ya tatu kwenye kona za kupanda Marangu. Ulisema mwenyewe ulipoiendesha hukuvuka 70 na ukaisikia. Hapo ulikuwa umeshajijibu.

Na mkungu wa ndizi wa mama yako unaingia. Boneti ya mbele ni ndogo, lakini viti vya nyuma vinalala vinakuwa kama rafu. Tandika gunia.

---

Kijana_wa_Sakina

Mzee shikamoo. Hapo kwa Datsun umenimaliza. Bado nasimama na GT-R kwa moyo, ila kwa njia ya mama nimekuelewa.

---

Binti_wa_Mtoni

Shikamoo mzee wangu. Fundi, wakala, na wewe mwanangu wa Sakina, asanteni sana. Samahani kwa kukaa kimya siku tisa, nilikuwa napima.

Nilikwenda kwa seremala wa hapa mtaani nikamchorea zile mbao mbili. Hakuniuliza chochote mpaka alipomaliza, kisha akauliza ni za kitanda cha nani. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mimi na mpwa wangu tukaanza getini.

Ubao wa GT-R ulipofika pale kiinuko kinapokatika ulikaa kwa tumbo, mguu wa mbele ukawa unaning'inia hewani. Nilipiga magoti nikaweka kiganja chini ya ule mguu, kikaingia chote. Ule wa Carrera S uligusa kidogo, ukakwaruza kama urefu wa kidole. Halafu nikaongeza miguu ya ubao mfupi mpaka 11, kama Carrera ya kawaida aliyoisema mzee, ukapita. Ukapita kwa nafasi ya unene wa kadi ya benki, lakini ulipita. Wiki hii fundi wa sementi anakuja kuchonga lile kona, na hilo nitalifanya hata nisiponunua gari.

Matuta ya barabara kuu si tatizo, ni mapana, mbao zote mbili zilipita. Shida ipo mitaani. Kati ya kwangu na lami kuna matuta manne yaliyomwagwa zege na sisi wakazi wenyewe, membamba na yamesimama kama mgongo wa ng'ombe. La karibu na duka la mkaa lilizikamata mbao zote. Nimeshapata njia ya kulizunguka, inaongeza dakika tatu. Marangu kwa mama tulipimia siku iliyofuata. Kwenye changarawe ubao mrefu uligusa mara mbili, mfupi wenye miguu ya 11 haukugusa. Mama alitoka akatukuta tunabeba ubao barabarani, akasimama akatutazama hadi tulipomaliza, akasema tuingie uji unapoa.

Wakala, niliingia kwenye kikokotoo cha TRA kama ulivyosema. GT-R ingeniachia kama milioni 6 mkononi. Nimeendesha magari ya biashara miaka yote hii, najua gari lisilo na akiba ya matengenezo linakwenda wapi. Linakwenda kusimama.

Kwa hiyo GT-R nimeiaga. Nimeiaga kwa heshima, mwanangu wa Sakina. Kama ningekuwa na nyumba Dar yenye geti tambarare, tungeongea mengine. Na ile Carrera S ya 2006 nayo nimeiacha, pamoja na kwamba niliipenda rangi yake. Usiku ule niliposoma alichoandika fundi kuhusu silinda ya sita, nilifungua tena zile picha 32 za mnadani. Picha ya 27 ni ya nyuma, imepigwa karibu. Bomba la kulia ni jeusi. La kushoto linang'aa. Inawezekana si kitu. Sitanunua ili nijue.

Ninachotafuta sasa ni Carrera ya kawaida, 2009 au 2010, injini mpya, rimu za 18, usukani kulia. Kwenye gia nimeteseka kidogo. Nyingi zilizopo Japani zenye usukani kulia ni za kujibadilisha zenyewe, ile PDK. Za mkono ni za kusaka. Watu wananiambia chukua PDK, foleni ya Mianzini itakuchosha. Lakini miaka 18 mguu wangu wa kushoto umefanya kazi kwa ajili ya wengine, na siku ile Nairobi ulipokanyaga klachi ya 911 ulikuwa mzito kidogo, una mahali pake pa kushika, na nilifurahi kama nilivyofurahi siku ya kwanza nilipofaulu kuondoa gari kwenye mlima pale Sanawari bila kurudi nyuma. Nitasubiri ya mkono. Wakala wangu wa Japani nimempa hadi Desemba. Isipopatikana nitasubiri tena, pesa ipo mahali salama na haina haraka.

Nina ombi moja kwako mzee. Desemba ukifungua bampa, niruhusu nije nione. Nataka kujua skrubu ziko wapi na kondensa inakaaje kabla sijawa na gari la kwangu. Nitakuja na spana zangu.

---

Mzee_wa_Kahawa

Karibu sana binti yangu. Njoo Jumamosi ya pili ya Desemba, saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, nafanyia kazi nje chini ya mparachichi. Spana acha, zipo. Leta bisibisi za nyota za saizi ndogo, yangu moja imekula meno. Na mwambie mpwa wako aje na ule ubao mfupi, kuna tuta jipya hapa mtaani kwetu nataka kulijua.